Mikono Miwili ya Kongwe

Haya nimesimuliwa na Atukuzwe Chengula, mjukuu wa marehemu dada yangu, msimu wa kuvuna mpunga, mwaka uleule mambo yenyewe yalipotokea. Alikuja kukaa kwangu na mguu ulioteguka, na kwa kuwa hakuweza kutembea, alizungumza. Nayaandika kama alivyoyasema, isipokuwa pale alipozama kwenye namba. Pale nimepapunguza, maana hata yeye aliniona nasinzia.

*

Asubuhi ya siku yenyewe Atukuzwe, fundi wa mashine, alikuwa kwenye chumba cha lango, juu ya ukuta wa bwawa la Lukwambe, amevaa glovu yake ya kusomea. Akikunjua vidole, matumbo ya mashine yalitandazika hewani mbele yake kama ukindu ambao haujasukwa. Akikunja ngumi, yalirudi ndani. Tangu kulipopambazuka alikuwa akiandika namba moja tu, tatu, na kila alipoandika tatu, Kongwe alisoma tatu.

Kongwe ndiye aliyekuwa akiendesha malango ya bwawa lile tangu enzi za mababu wa mababu zetu. Sanduku lake lilishaliwa na kutu zamani. Siku lilipotaka kuzimika kabisa, mafundi wa mjini waliitoa akili yake nzima nzima, wakaiweka ndani ya mashine mpya, wakaidanganya kwamba bado iko nyumbani kwake. Hiyo ndiyo huitwa mashine pepe: ina akili, haina mwili. Ikiuliza saa, inajibiwa na saa ya kuigiza. Ikigonga mlango, anaufungua mlinzi wa kuigiza. Haijui kwamba imehama.

Wapo waliosema kwa nini msitafute akili mpya, hizi zinazosikia sauti. Walishatafuta. Ile mpya ilisikia radi ikadhani imetumwa, ikafungua malango mawili. Tena haikuujua mto. Kongwe aliujua: mvua ikimwagika mlimani, alijua maji yatafika lini na yatafika na hasira kiasi gani. Ila yeye hakusikia mtu wala hakuona mtu. Alikuwa na njia mbili tu za kuambiwa neno, kibodi na kipanya, na vitu hivyo havikuwa vikitengenezwa popote duniani. Kibodi cha pale vitufe vyake vilichongwa kwa mti wa mninga. Kipanya ganda lake lilikuwa nusu ya kibuyu kidogo, kimeng'aa kwa kushikwa.

"Kamwene, mpwangu," sauti ikasema mlangoni.

Alikuwa Mzee Lunyiliko, mwenyekiti wa Ilambo, kijiji cha juu ya bwawa, kaka wa mama yake Atukuzwe. Fimbo mkononi, koti la mvua begani.

"Kamwene, mjomba."

"Umeuona ugonjwa?"

"Sijauona. Naandika tatu, anasoma tatu. Navuta kipanya, kinavutika. Kongwe ni mzima."

Mzee Lunyiliko akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi kama mashine ni nzima, mgonjwa ni mtu. Ndivyo nilivyosema tangu mwanzo."

Atukuzwe alilijua lile mjomba wake analolisema. Wakati wa kupandikiza mpunga, Fidelisi Kalinga wa Ilambo, mshika kibodi, aliandika vidole vitatu, maana lango hupimwa kwa vidole. Lango likafunguka vidole thelathini. Maji yaling'oa miche yote ya Mbugani, kijiji cha chini, yakaitupa barabarani. Bwawa nalo likashuka hata pampu za Ilambo zikanywa tope. Ilambo wakasema Sekela Mhongole wa Mbugani, mshika kipanya, alivuta lango kwa tamaa ya maji. Mbugani wakasema Fidelisi aliongeza sifuri kwa roho mbaya. Tangu siku hiyo hata misibani hawakuzikana.

"Baraza linakaa leo," Mzee Lunyiliko akasema. "Nitawaambia fundi ameona mashine nzima. Sekela atatoka, na kipanya chake kitatoka naye. Lango litabaki na mkono mmoja, mambo yaishe."

"Mjomba, sijasema Sekela ameiba."

"Hujasema. Umesema mashine ni nzima. Hilo jingine tutalisema wenyewe."

Na kabla Atukuzwe hajajibu, king'ora cha mlimani kikalia. Vijumbe, vimashine vinavyoruka juu ya misitu, vilikuwa vimeona mvua, tena si ya kumwagilia bustani. Kwenye kioo Kongwe akaandika kwa herufi zake za kizamani: MAJI MENGI. ALASIRI. FUNGUA VIDOLE TISA.

Kongwe hupima, watu ndio huamuru: tisa, na vijiji vyote viwili vinapona. Likitokea kama lile la kupandikiza, tisa ikawa tisini, Mbugani haitakuwepo.

*

Sekela na Fidelisi waliingia pamoja kwa sababu ngazi ni moja. Vinginevyo wasingeingia pamoja.

Fidelisi alikuwa mrefu, amepinda mgongo kidogo, na masikio yake yalikuwa makubwa kiasi ambacho zamani Sekela alizoea kumwambia, "Mtani, leo upepo mkali, shika masikio usije ukaruka." Naye Fidelisi alizoea kujibu, "Nikiruka nitatua kwako, unipikie." Miaka mingi walikaa hivyo, huyu na kibodi, huyu na kipanya, wakitukanana kwa furaha. Sasa kila mtu alivuta kiti chake bila neno.

"Mama, na wewe baba," Atukuzwe akasema, "nimemtolea Kongwe pacha. Huyu mnayemwona kwenye kioo ni pacha, hana lango lolote, mkikosea hafi mtu. Nataka mfanye kama mlivyofanya siku ile. Sawasawa na siku ile."

"Siku ile mimi niliandika tatu," Fidelisi akasema.

"Sijauliza. Fanyeni."

"Naye aambiwe, maana huyo ndiye mwenye kuvutavuta."

"Mimi mkono wangu unajulikana," Sekela akajibu akiutazama ukuta, si uso wake. "Wa watu wengine ndio unaojua kuongeza."

Wakakaa. Fidelisi akaweka kidole juu ya kitufe cha tatu. Sekela akaweka kiganja juu ya kibuyu. Halafu Fidelisi akavuta pumzi, akaguna, "Haya, hee!" kama watu wanaoinua gogo, na wote wawili wakaanza kwa wakati mmoja. Huyu anaandika, huyu anavuta mchoro wa lango kwenye kioo, hakuna anayemtangulia mwenzake.

Atukuzwe akasimama.

"Hivyo ndivyo mnavyofanya? Kwa pamoja?"

Wakamtazama kama mtu aliyeuliza kama huwa wanakula kwa mdomo.

"Si ndiyo sheria?" Sekela akasema. "Zamani lango lilikuwa na mkono mmoja, wa Ilambo, na bibi yangu alizika watoto wawili kwa njaa hapo chini. Walipopatana, wakapatana kwamba lango litaguswa na mikono miwili, na kwamba mkono wa mmoja hautatangulia. Anayetangulia ni bwana. Kwa hiyo tunaguna, tunaanza pamoja."

Hapo Atukuzwe akaikumbuka asubuhi yake. Asubuhi nzima aliandika kwanza, kisha akavuta. Mafundi wa mjini walipomhamisha Kongwe nao walijaribu hivyohivyo, maana mtu aliye peke yake mbele ya mashine ndivyo afanyavyo, anaandika, anaacha, anavuta. Hakuna aliyewaza kwamba kuna mahali duniani ambapo watu wawili hugusa kwa mguno mmoja.

"Tena," akasema.

"Haya, hee!" Tatu. Ikasomwa tatu.

"Tena."

"Haya, hee!" Tatu.

"Tena. Vuta kama kawaida yako, mama, usinionee haya."

"Haya, hee!"

Kwenye kioo ikatokea thelathini.

Fidelisi alirusha mikono yote miwili juu kama mtu aliyekamatwa na majambazi. "Sijaigusa sifuri! Jamani, mikono yangu hii hapa!"

Sekela hakukitazama kioo. Alikuwa akiitazama ile mikono. Ilikuwa juu kweli.

"Nimeiona," akasema taratibu. "Hukuigusa."

*

Atukuzwe akakunjua vidole, matumbo ya pacha yakatandazika, akaenda moja kwa moja pale ambapo asubuhi nzima hakwenda: kwa mlinzi wa dirisha.

Katika mashine za aina ya Kongwe, kibodi na kipanya havina milango miwili. Vinatumia dirisha moja, na dirishani pana sahani moja. Mlinzi anapokea tonge la neno, analiweka kwenye sahani, anainua kibendera kuonyesha limetoka kwa nani, kijani kwa kibodi, chekundu kwa kipanya, kisha anagonga. Kongwe anakuja, anatazama kibendera, anakula. Mlinzi wa kweli, yule wa kwenye sanduku la zamani, alijua adabu. Sahani ikiwa bado ina tonge, kinachofuata kinangoja nje, na kibendera hakiguswi.

Mlinzi wa kuigiza hakufundishwa adabu hiyo. Kipanya kilipofika kikiwa karibu mno na kibodi, alichanganya vibendera na matonge yake. Tonge la kipanya likaliwa chini ya kijani.

Na kipanya husema nini? Husema hatua kilizosogea. Mkono wa Sekela, kwa uzoefu wake, ulivuta kwa mwendo uleule kila mara, hatua kumi na moja. Nacho kitufe cha sifuri, ukivihesabu vitufe vya kibodi kuanzia cha kwanza kabisa pembeni, ni cha kumi na moja. Kongwe aliambiwa kumi na moja chini ya bendera ya kibodi. Angesoma nini zaidi ya sifuri?

"Kwa hiyo ni mimi," Sekela akasema.

"Si wewe, mama. Si yeye. Ni huyu," na Atukuzwe akamshika mlinzi kwa vidole viwili hewani, "anayegawa vyakula bila kuangalia."

Fidelisi akajifuta uso kwa mkono wa kanzu yake.

Nje ya chumba maji yalikuwa yamebadilika rangi. Wazee wa zamani walichora wanyama kwenye ukuta wa bwawa ili hata mtoto aweze kusoma kina: chini kabisa kuku, juu yake mbuzi, juu yake ng'ombe, na juu ya ng'ombe nyumba. Maji yalikuwa yamemfunika kuku, yanamlamba mbuzi kwato.

*

Mzee Lunyiliko alimvuta Atukuzwe hadi kwenye ngazi. Alikuwa ameyasikia yote.

"Nimeelewa kuliko unavyodhani," akasema. "Ugomvi unatoka wapi? Kipanya kikikutana na kibodi. Kizime kipanya. Kongwe anaendeshwa kwa kibodi peke yake, si kweli?"

"Ni kweli."

"Itachukua muda gani?"

"Nafumba kidole kimoja, basi."

"Na kumtibu huyo mlinzi wako?"

"Kumfundisha mlinzi adabu ni kazi ndogo, kwa pacha naiweza sasa hivi. Ila ili Kongwe mwenyewe apate mlinzi mpya, lazima alazwe na kuamshwa. Akiamka ni kama mzee anayetafuta viatu, hana haraka. Wakati wote huo malango hayafunguki."

"Na maji yanapanda."

"Yanapanda."

Mzee Lunyiliko hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Atukuzwe. "Mpwangu, sikuombi uibe. Nakuomba watu wapone. Mama yako yuko Ilambo, nyumba yake iko usawa wa maji. Na hao wa Mbugani je? Kibodi peke yake kitawaokoa hata wao. Unafumba kidole, Fidelisi anaandika tisa, kila mtu analala kwake. Nani atakulaumu?"

Hakuna ambaye angemlaumu. Hicho ndicho alichonieleza Atukuzwe huku ameushika mguu wake, kwamba jambo lenyewe lilikuwa jepesi na lilikuwa sahihi kwa mashine. Kipanya kikizimwa, sifuri haitatokea tena kamwe. Angeweza kulifanya pale pale ngazini, kwa glovu, bila kumwuliza mtu. Na kipanya kikishazimwa siku ya mafuriko, nani angekiwasha tena? Baraza la Ilambo? Lango lingekuwa na mkono mmoja, na Mbugani wangerudi kuishi kwa huruma ya mtu wa juu, na yeye ndiye angekuwa amewarudisha, kwa kidole kimoja, peke yake, mahali ambapo watu walikubaliana kwamba hakuna litakalofanywa na mtu mmoja.

Akaivua glovu.

"Unafanya nini?" mjomba wake akauliza.

"Kumlaza Kongwe kunahitaji mikono miwili. Nitaenda kuwauliza wenye mikono."

"Atukuzwe!"

"Wakikataa, nitafumba kidole, mjomba. Lakini wataamua wao, si mimi na wewe ngazini."

Akaingia, akawaeleza bila kuficha: hii ni ya haraka na inamtoa Sekela, hii ni ya kweli na inaweza kutuua. Sekela akamgeukia Fidelisi. Alijua kwamba neno lake halitoshi. Kwake kukubali ni rahisi, hana cha kupoteza zaidi. Mwenye kupima alikuwa Fidelisi, mtu wa Ilambo, mwenye wajukuu usawa wa maji.

Fidelisi alitazama kipanya cha kibuyu.

"Nimemwita huyu mama mwizi mbele ya kanisa zima," akasema. "Yeye akaniita muuaji. Na wote tulikuwa tunasema kweli, kila mtu kuhusu mkono wake." Akasogeza kiti. "Lazeni huyo mzee. Mtani, uko tayari?"

Neno hilo lilikuwa halijasikika chumbani tangu kupandikiza. Sekela akaweka kiganja juu ya kibuyu.

"Shika masikio yako," akasema.

"Haya, hee!"

Kongwe akalala. Kioo kikawa cheusi.

*

Kongwe halali upesi, kwa hiyo dawa ilitengenezwa huku anazama usingizini, na ya kwanza ilikataa. Atukuzwe aliijaribu kwa pacha: kila tonge na kibendera chake, hakuna kuchanganya, na kila kinachokuja na kingoje zamu. Sifuri ikatoweka kabisa, lakini baada ya mvuto mmoja kipanya kikaganda kama kimepigiliwa msumari.

"Mbuzi kafunikwa kiunoni!" Mzee Lunyiliko akapaza sauti kutoka ukutani. Alikuwa ameacha kubishana. Sasa alikuwa anasoma wanyama.

"Kimeganda kwa nini?" Sekela akauliza.

"Ngoja, mama, ngoja." Atukuzwe akapita tena kwenye nyuzi. Tonge la kipanya lilikuwa nje, linangoja kwa adabu. Kongwe amekula la kibodi, amekwenda zake. Na mlinzi amekaa kimya. Amekaa kimya! Alikuwa amegonga mara moja kwa wageni wawili. Kongwe angejuaje kuna chakula kingine dirishani?

"Hajagonga tena," akasema, na kuanza kucheka peke yake. "Sahani ikiondolewa, lazima aweke la pili na agonge tena. Kila tonge na hodi yake!"

"Mbuzi simwoni! Pembe tu!"

Akafunga uzi. Pacha: "Haya, hee!" Tatu. "Haya, hee!" Tatu. Sekela akakizungusha kibuyu kama anayekoroga uji, Fidelisi akiandika mfululizo. Tatu, tatu, tatu. Hakuna sifuri, hakuna kuganda. Atukuzwe akamhamisha mlinzi kwa Kongwe mwenyewe, wakaguna, wakamwamsha.

Na Kongwe akaanza kutafuta viatu vyake. Akahesabu kumbukumbu zake zote, moja moja. Akauliza saa. Akahesabu malango.

"Ng'ombe kwato!" ukutani. Kisha, kwa sauti ya chini, "Ng'ombe magoti, mpwangu."

Kioo kikawaka. FUNGUA VIDOLE TISA.

Fidelisi akaweka kidole. Sekela akaweka kiganja, akafumba macho, na akavuta mvuto wake uleule, wa hatua zilezile, hakuubadilisha hata kidogo, kwa sababu alitaka ijulikane kama mkono wake ni mzima au si mzima.

"Haya, hee!"

Tisa.

Ukuta mzima ukatetemeka chini ya miguu yao. Malango yakainuka vidole tisa, hakuna kilichozidi hata kwa upana wa ukucha, na maji yakatoka kwa sauti nzito, yakapita mferejini yakienda Mbugani kama ng'ombe waliozoea njia ya nyumbani. Watu wa vijiji vyote viwili walikuwa wamejaa ukutani. Baraza lilikuwa limehamia huko bila kuitishwa. Hakuna aliyethubutu kushangilia mpaka mwanamke mmoja akapiga yowe, "Magoti ya ng'ombe! Nayaona magoti!" Kisha kwato. Kisha, baada ya kungoja kwingi, pembe za mbuzi zikachomoza majini, na vigelegele vikapigwa hata wengine wakamsahau Kongwe, wakawa wanamshangilia mbuzi.

Mzee Lunyiliko aliingia amelowa chapachapa. Akasimama mbele ya Sekela, akageuza fimbo mkononi mara mbili tatu.

"Mama Sekela," akasema, "mwakani wakati wa kupandikiza, Ilambo tutashuka kuja kuwasaidia. Na mimi mwenyewe nitakuwa matopeni."

"Utaangusha miche, mzee."

"Nitaangusha. Mtanicheka."

"Tutakucheka sana," Sekela akamhakikishia, na chumba kizima kikacheka kabla ya wakati.

*

Zamu ya jioni ilipanda ngazi jua likiwa bado linaonekana: kijana wa Ilambo na binti wa Mbugani, waliofundishwa kuguna pamoja. Mzee Lunyiliko alikwenda kwake, na inasemekana alilala na koti. Fidelisi alisema anapumzisha macho tu, akakoroma kwenye kiti huku mdomo wazi. Sekela akamfunika kwa kitenge chake, akamziba na masikio kwa makusudi, akajilaza kwenye benchi, na hakusikika tena.

Atukuzwe alibaki sakafuni, mgongo ukutani, akiisikia mitetemo ya maji. Akaona bora amjaribu mlinzi mara moja zaidi, ahakikishe. Akaivaa glovu, akaunyoosha mkono wa kulia kwenye vitufe vya pacha.

Akajiona, mkono mmoja hewani, peke yake. Angeandika tatu na pacha angesoma tatu, kama asubuhi.

Akaivua glovu, akaikunja chini ya kichwa, akalala.